Kunyoa Si Kusafisha

Katika nchi yetu kichwa chenye misokoto huhukumiwa kabla mwenyewe hajafungua kinywa. Mbele ya mwalimu mkuu, mbele ya mwajiri, mbele ya mkwe, hukumu ni ile ile, nayo ina maneno matatu: mchafu, mhuni, mvuta bangi. La pili na la tatu nitayagusa kwa uchache, kwa kuwa hayana nguzo nyingine ila lile la kwanza. Mtu akikwisha kuitwa mchafu, kila baya laweza kubandikwa juu yake kama tope juu ya tope. Nia ya insha hii ni kulipinga neno hilo la kwanza. Na nalipinga nikiwa mwalimu wa lugha, ambaye kazi yake ni kuuliza neno limetoka wapi na limetumwa kufanya nini.

Na tuanze basi na majina. Kamusi zetu zimehifadhi maneno mawili ya kale ya nywele: singa na kipilipili. Nywele za singa ni ndefu, zilizonyooka na kulala; nywele za kipilipili ni fupi, zilizojikunja kama punje. Neno la kwanza hutajwa kwa sifa. La pili hutajwa kwa mzaha, wala mimi sijakutana na mshairi aliyemsifu mpenzi wake kwa kipilipili chake. Baadaye yakaongezeka "nywele ngumu" na "nywele mbaya", maneno ambayo hata leo mama humwambia bintiye akiwa ameshika kitana, bila kuona kwamba katika pumzi moja amemtukana mtoto, amejitukana mwenyewe, na amemtukana bibi aliyemzaa. Lugha yetu ilikwisha kutoa hukumu juu ya nywele zetu kabla Mwingereza hajafungua shule.

Neno rasta nalo lina kisa cha ajabu. Ras Tafari ndilo jina alilokuwa nalo Haile Selassie kabla ya kutawazwa kuwa Mfalme wa Wafalme wa Uhabeshi, Novemba 2, 1930. Na huko Jamaica, watu maskini waliomwona kuwa mkombozi wa watu weusi wakajiita kwa jina hilo, na wengi wao wakaziacha nywele zao ziote zilivyoumbwa. Leo nenda sokoni Ifakara ukaombe rasta. Muuzaji hatakuletea dini wala mfuasi wake. Atakupa pakiti ya nywele za plastiki za kusukia. Jina la watu waliokataa nywele za kiwandani limekuwa jina la nywele za kiwandani! Na binti aliyesukia pakiti nne za plastiki huingia ofisini asubuhi bila kuulizwa neno, hali mwenzake aliyeziacha zake mwenyewe huambiwa aende akazitoe ndipo arudi.

Mimi nitasema misokoto. Najua kwamba katika taarifa za polisi neno hili limezoea kufuatana na bangi, lakini sioni kwa nini tuwaachie polisi neno zuri namna hii. Kusuka ni kupitisha shungi juu ya shungi, na kilichosukwa hufumuliwa. Kusokota ni kuzungusha nyuzi kwa mkondo mmoja mpaka zishikane ziwe kitu kimoja, kama afanyavyo mtengeneza kamba akivingirisha katani juu ya paja lake. Nywele zilizosukwa Jumamosi hii zaweza kufumuliwa mwezi ujao. Misokoto iliyokomaa haifumuliwi, na mwenye kuianza amefunga ahadi ya miaka.

Ni ahadi ya kazi gani? Hapa wenye kulaumu hunyamaza, kwa maana hawajapata kuuliza. Nywele ya Mwafrika aghalabu hutoka katika ngozi ikiwa imekwisha kupinda tangu shinani. Ukiikata na kuitazama kwa hadubini, mkato wake si duara kamili bali umebanwa kama yai. Kwa kupinda huko nywele hunasana na jirani yake. Tena kila kichwa, cha mtu wa taifa lo lote, hudondosha nywele 50 hadi 100 kwa siku. Za mwenye kuchana huondoka na kitana. Za mwenye misokoto hazianguki. Hubaki zimeshikwa na wenzake, na ndiyo sababu msokoto hunenepa kadiri ya umri wake. Mtu asiyejua huutazama unene huo akadhani ni taka zilizogandamana. Kumbe ni nywele. Nazo huota kiasi cha sentimita moja tu kwa mwezi, hata msokoto wa sentimita 60 una miaka mitano hivi, au zaidi, ndani yake.

Anayeanza huzigawa nywele zake viwanja vidogo vidogo, akasokota kila kiwanja kwa ncha za vidole, kwa upande mmoja siku zote. Miezi ya kwanza ni ya kukatisha tamaa, kwani kila zikioshwa nusu yake hufumuka, na mwenyewe huonekana kama aliyeamka usingizini saa hiyo hiyo. Baina ya mwezi wa tatu na wa sita ncha huanza kushika; ukomavu huja baada ya mwaka au zaidi. Katika muda huo wote mkono uwe mwepesi. Anayekaza mno kwa kutaka mashina yaonekane nadhifu huzing'oa nywele kwenye paji na mapanja, na ngozi iliyovutwa kwa miaka mingi hubaki na upara usioponyeka.

Mafuta yana sababu yake vile vile. Kichwa hujitengenezea mafuta yake, nayo huteleza kwa urahisi juu ya nywele iliyonyooka. Juu ya iliyojikunja hukwama njiani, na ncha hukauka zikakatika. Basi mwenye kutunza huongeza kidogo: mafuta ya ufuta, ambao katika bonde la Kilombero ni zao la wakulima wengi, au ya nazi yaletwayo kutoka pwani, au ya mbarika. Nasema kidogo, kwa sababu yakizidi hukusanya vumbi. Nta na gundi zisikaribie kabisa. Kinachoingia ndani ya msokoto kisiyeyuke kwa maji hakitoki tena, na huko ndani ndiko kinakozalisha ule uchafu ambao baadaye watu wote wenye misokoto hubebeshwa.

Sasa tufike penye uongo mkubwa, ule usemao kwamba misokoto haioshwi. Huoshwa kila juma, au kila baada ya majuma mawili, kwa sabuni isiyoacha utando, na kusuuzwa mara mbili tatu mpaka maji yatoke meupe. Kuosha si shida. Shida ni kukausha. Msokoto mnene hunywa maji kama kamba ya katani, na ukifungwa ungali mbichi huota kuvu ndani, ukatoa harufu isiyofichika. Huko Uchindile, katika milima ambayo reli ya TAZARA huipanda baina ya Mlimba na Makambako, mvua huanza kukaribia mwisho wa mwaka isikome mpaka Mei, na ukungu huweza kukaa juu ya misonobari hata saa nne za asubuhi. Mwenye misokoto mahali kama hapo hawezi kuosha siku yo yote apendayo. Hulichungulia jua, akiona limekubali, huosha mapema, hukamua kwa taulo msokoto mmoja mmoja, akalipa jua mgongo mpaka alasiri. Kwa ajili ya kichwa chake ametoa siku nzima ya kazi. Mwenye kichwa kilichonyolewa hupitisha kitambaa chenye maji akahesabiwa msafi, wala simlaumu. Nauliza tu ni nani kati ya hao wawili aliyefanya bidii zaidi, na kwa nini aliyefanya zaidi ndiye mchafu.

Namfahamu kijana mmoja wa huko Uchindile aliyetunza misokoto yake hivyo kwa miaka sita. Akapata nafasi katika chuo, ambacho sina haja ya kukitaja kwa kuwa vipo vingi vya namna yake. Langoni aliambiwa achague: nywele au nafasi. Alinyolewa palepale kando ya ua, kwa wembe wa kuazima. Hakuna aliyeuliza aliziosha lini. Hakuna aliyezigusa, wala aliyesogea karibu akazinusa, ingawa shitaka lilikuwa uchafu. Aliponieleza habari hiyo hakuzililia nywele. Lililomchoma ni neno aliloambiwa baada ya wembe kumaliza kazi: "Sasa umekuwa mtu."

Neno hilo lina uzito wa pekee kwa mzaliwa wa Kilombero na Ulanga. Huko kunyolewa si kukata nywele tu. Miaka ya nyuma maelfu ya watu wa nchi hiyo walikwenda kwa Bibi Kalembwana, mganga aliyekuwa na sifa Ulanga nzima, ili wanyolewe. Na kitendo chenyewe kiliitwa hivyo tu, kunyolewa, bila maelezo, kwa maana kila mtu alijua ni kunyolewa kupi. Mtaalamu Maia Green, aliyekaa na Wapogoro, alikiandikia mwaka 1994 na tena 1997. Mtu aliyeshukiwa uchawi alinyolewa nywele za kichwani na za mwilini, akapewa dawa. Na aghalabu hakunyolewa mshukiwa peke yake. Akisha hapo alirudi kijijini akiwa ameondolewa shuku. Wengine walikwenda kwa hiari yao, wengine kwa kusukumwa na majirani, na sitajifanya kwamba msukumo huo ulikuwa mwema siku zote. Lakini utaratibu wenyewe ulikuwa wazi: kilichonyolewa ni shuku ya jamii, na hakuna aliyedai kwamba ni chawa.

Ongeza juu ya hayo mtoto mchanga wa pwani anyolewaye nywele za tumboni, na wafiwa wa makabila mengi wanyolewao matanga yanapokwisha. Wembe kwetu ni ulimi. Husema: huyu ameingia, huyu ametoka, huyu amesafishwa na jambo lililompata. Basi chuo kinapomnyoa kijana langoni, kinasema lugha hiyo hiyo, lakini kwa hila. Kinafanya tendo la kuondoa shuku, kisha kinaliandika katika kanuni kwa jina la afya. Bibi Kalembwana alikuwa mkweli kuliko kanuni hiyo.

Mtu atasema kwamba haya ni maadili yetu tangu uhuru. Maadili yepi? Mnamo Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyoanza kutumika Januari 1, 1969, kupiga vita sketi fupi, suruali za kubana, dawa za kuchubua ngozi, na nywele za bandia. Vijana waliosimama njiani Dar es Salaam kuwakagua dada zao walifanya jeuri nyingi ambayo siitetei hata kidogo. Lakini hoja yao juu ya nywele ilikuwa kwamba Mwafrika avae zake. Leo tunazipokea za bandia na kuzifukuza zake. Anayetaja maadili ya uhuru katika jambo hili amekishika kitabu juu chini.

Jirani zetu Wakenya wamelifikisha jambo hili penye aibu iliyo wazi zaidi, nao wametupa pia dalili ya njia ya kutokea. Dedan Kimathi alipokamatwa Oktoba 1956, alipigwa picha amelala chini, mikono ina pingu, misokoto ya msituni imetawanyika. Akanyongwa Februari 18, 1957. Profesa Horace Campbell, aliyepata kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ameshika katika kitabu chake cha mwaka 1985 kwamba picha za wapiganaji hao ziliwafikia vijana wa Jamaica na kuwa chanzo cha misokoto yao. Wengine huitafuta asili hiyo huko huko Jamaica, na ubishi haujaisha. Vyo vyote iwavyo, Februari 18, 2007, miaka 50 kamili baada ya kunyongwa kwake, sanamu ya Kimathi ilizinduliwa katikati ya Nairobi, na misokoto yake imechongwa juu ya kichwa wazi wazi. Januari 2019, katika jiji hilo hilo, msichana wa kidato cha kwanza alifukuzwa shule huko Kibra kwa kuwa na misokoto chini ya kilemba. Serikali iliyomsimamisha Kimathi wa shaba na misokoto yake ilishindwa kumvumilia mtoto aliye hai! Baba yake alikwenda Mahakama Kuu, na Septemba 13 mwaka huo Jaji Chacha Mwita akaamuru kwamba hiyo ni imani yake na shule isimzuie. Malawi nayo, Mei 8, 2023, Jaji Zione Ntaba aliamua kwamba watoto wa Kirasta wasifungiwe milango ya shule za serikali kwa sababu ya nywele.

Kuna jambo jingine la Kenya ambalo nalipenda kuliko hukumu zote mbili. Muthoni wa Kirima, mwanamke aliyepigana msituni mpaka akaitwa Jemadari, alitoka na misokoto yake, akaifuga karibu miaka 70. Aprili 2, 2022, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 90, aliikatwa na Mama Ngina Kenyatta, kwa ridhaa yake, mbele ya watu, huko Nyeri. Wakenya wengi walinung'unika, wakasema historia imenyolewa. Mimi sinung'uniki. Alikuwa amekaa na nywele zake kwa hiari, na kwa hiari akaachana nazo. Akafariki Septemba 2023. Tofauti ya wembe ule na wembe wa langoni pa chuo haiko katika makali yake.

Narudi nyumbani, kwa wapinzani walio makini, kwani wapo. Wa kwanza ni mwalimu wa bweni. Husema: nina watoto mia tatu na bomba moja, chawa na mapunye yakiingia, nitafanya nini? Hoja yake ni ya kweli, na nyumba yake ina dhiki. Lakini mapunye ni kuvu, na kuvu hupita kutoka kichwa hadi kichwa kwa kitana, kwa kofia, kwa mto, na kwa wembe au mashine ya kunyolea isiyotakaswa. Shule inayowapanga watoto mstarini na kuwanyoa wote kwa wembe mmoja yaweza kuwa inapanda kile inachodai kung'oa. Mtoto mwenye mapunye atibiwe. Mwenye chawa atibiwe, hata kwa kunyolewa ikibidi. Asiye na ugonjwa asipewe dawa ya mgonjwa.

Wa pili ni katekista, au shehe, asemaye kwamba misokoto ni alama ya dini ngeni. Ajabu ni kwamba Biblia ya Kiswahili humtaja Samsoni na vishungi vyake saba, na yule mwanamke aliyeagiza vinyolewe hakuwa rafiki yake. Huko Senegali, wafuasi wa Ibra Fall, walio Waislamu wa tarika ya Murid, hufuga misokoto na kusema kuwa ni ya ucha Mungu. Kwa mfuasi wa Rastafari, misokoto ni nadhiri, naye analindwa na Ibara ya 19 ya Katiba yetu kama mwenye tasbihi na mwenye rozari. Kwa mwingine ni pambo tu. Naye je, apokonywe pambo lake kwa kuwa halina dini?

Juu ya bangi nitasema neno moja. Bangi haioti kichwani. Mwenye kuivuta ashitakiwe kwa kuivuta, akiwa na misokoto au akiwa na tai.

Wa tatu wamo upande wangu, nao hunitia uchungu zaidi. Wapo vijana waliosikia kwamba misokoto ni kuziacha nywele, wakadhani kuacha ni kutotunza. Hawaoshi, wakiogopa itafumuka. Hupaka nta, hulala juu ya vumbi bila kitambaa. Na kichwa kinaponuka husema wanaonewa kwa sababu ya Uafrika wao. Hao wamewapa wenye wembe ushahidi ambao hawakuwa nao. Na wapo wenye maneno makubwa, wanaotangaza kwamba asiyefuga misokoto ni mtumwa wa Wazungu. Huo ni upuuzi. Mpogoro mwenye upara ni Mpogoro, na Mmasai mwenye kunyoa ni Mmasai. Tumeambiwa na wazee kwamba akili ni nywele, kila mtu ana zake. Hawakusema za nani ndizo bora.

Najua wakuu wa vyuo husoma jarida hili, au huletewa na wanafunzi wao. Wengi watajibu kwamba kanuni haiwezi kumpima kila mmoja, na kwamba "nywele ziwe fupi" ni maneno mepesi kusimamia. Ni mepesi kwa kuwa hayaulizi lile tunalodai kulitaka. Tukitaka usafi, na tuuandike usafi: "Nywele za mwanafunzi ziwe safi, kavu, zisizo na ugonjwa, na zifungwe nyuma wakati wa kazi za maabara na za karakana." Maneno hayo hayajai mistari miwili. Yatamgusa mwenye misokoto inayonuka, na yatamgusa mwenye nywele fupi zilizojaa mba, ambaye hadi leo hajapata kurudishwa nyumbani. Na kijana atakayeshuka katika treni kutoka Uchindile ataulizwa kwanza aliosha lini.